Milwaukee Bears, timu iliyoshika mkia mwaka 1923

Ukifungua msimamo wa Negro National League wa mwaka 1923, macho yanaanzia juu. Kileleni wako Kansas City Monarchs, na huo ndio ubingwa wao wa kwanza. Nyuma yao wapo Detroit Stars na Chicago American Giants, majina ambayo mpenzi yeyote wa besiboli ya Marekani ameshayasikia. Shuka mpaka chini kabisa, utawakuta Milwaukee Bears. Msimu mzima hawakufikisha ushindi 20, na kwa kila mechi waliyoshinda walipoteza zaidi ya mbili. Fungua msimamo wa 1924, hawamo. Wa 1925 hawamo pia. Walicheza ligi msimu mmoja, basi.

Mimi naishi Milwaukee, na nakiri kwamba hawa wa mkiani wananigusa kuliko mabingwa. Habari za ligi za watu weusi husimuliwa kwa majina makubwa: Satchel Paige na mkono wake, Josh Gibson na nguvu zake, Cool Papa Bell na mbio zake. Wanastahili kila sifa wanayopewa. Lakini ligi haikuwa ya watu kumi. Ilikuwa na mamia ya vijana waliopanda treni na begi moja, wakalala kwenye vyumba vya kupanga, wakapigwa Jumamosi, wakapigwa tena Jumapili, na Jumatatu wakapanda treni nyingine. Bears walikuwa wa kundi hilo, na sababu za kushindwa kwao zinaeleza mambo ambayo hadithi za mabingwa huyapita haraka.

Kwa msomaji asiyefuatilia mchezo huu, jambo la kwanza kujua ni kwamba besiboli ya kulipwa ya Marekani iliwafungia mlango watu weusi tangu miaka ya 1880. Moses Fleetwood Walker alicheza ligi kuu mwaka 1884, na baada ya hapo hakuonekana mchezaji mweusi anayejulikana kuwa mweusi mpaka Jackie Robinson alipoingia uwanjani na Brooklyn Dodgers tarehe 15 Aprili 1947. Hakukuwa na sheria iliyoandikwa. Wenye timu walielewana tu, na maelewano hayo yakadumu miaka zaidi ya sitini. Watu weusi wakacheza kwao, na timu zao zilikuwa nzuri, ila ziliishi kwa kuhangaikia mechi moja moja, na mara nyingi wakala mzungu ndiye aliyekuwa na funguo za uwanja.

Aliyetaka kubadili hali hiyo ni Rube Foster. Alizaliwa Calvert, Texas, mwaka 1879, akawa mrushaji hatari ujanani, yaani yule anayemrushia mpigaji mpira, kisha mwenye timu na meneja wa Chicago American Giants. Tarehe 13 Februari 1920 aliwakutanisha wenye timu wenzake katika jengo la YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, la watu weusi, barabara ya Paseo, Kansas City, na hapo ikazaliwa Negro National League. Foster akawa rais. Ndiye aliyepanga ratiba, ndiye aliyehamisha wachezaji kutoka timu yenye nguvu kwenda timu dhaifu ili ligi isipoteze ladha, na kwa kazi hiyo alichukua asilimia 5 ya mapato ya mlangoni. Wapo waliomlalamikia kwamba anajipendelea. Wapo pia waliokumbuka kwamba timu ilipokwama ugenini bila nauli, Foster ndiye aliyetuma hela ya kuwarudisha nyumbani. Nadhani pande zote mbili zilisema kweli.

Tatizo lake la kila mwaka lilikuwa kuijaza ligi. Ukitaka kila timu iwe na mpinzani wikiendi, unahitaji idadi inayogawanyika kwa mbili, na Foster alitaka nane. Vigogo alikuwa nao: Chicago, Kansas City, Detroit, Indianapolis, St. Louis. Shida ilikuwa viti vya mwisho. Mwaka 1921 kiti kimoja kilikaliwa na Columbus Buckeyes, wakiongozwa na John Henry Lloyd, mmoja wa wachezaji bora waliowahi kuzaliwa. Msimu ukaisha, Buckeyes wakaisha. Mwaka 1922 wakaja Pittsburgh Keystones, nao wakaondoka vilevile. Halafu Desemba 1922 Ed Bolden, mwenye timu ya Hilldale kutoka Pennsylvania, akaunda ligi ya mashariki, Eastern Colored League, na wachezaji wa Foster wakaanza kuhamia huko kufuata mishahara minono. Foster akaingia mwaka 1923 akiwa na pengo la wachezaji na pengo la timu kwa wakati mmoja. Akazijaza nafasi mbili kwa Toledo Tigers na Milwaukee Bears.

Ukiangalia ramani, kuichagua Milwaukee kunaeleweka. Iko kando ya Ziwa Michigan, kilomita 145 hivi kaskazini ya Chicago. Timu yoyote iliyokwenda kucheza na American Giants ingeweza kupanda treni asubuhi na kushuka Milwaukee kabla ya chakula cha mchana. Mji ulikuwa mkubwa, wenye watu zaidi ya 450,000, na ulipenda besiboli sana. Timu ya wazungu ya hapo, Brewers wa ligi ya American Association, ilibeba jina la viwanda vya bia ingawa serikali ilikuwa imepiga marufuku bia tangu 1920. Hata uwanja wa kukodi ulikuwepo.

Jukumu la kuijenga timu akapewa Pete Hill, na hapa lazima nisimame kidogo. Hill alizaliwa wilaya ya Culpeper, Virginia, mwaka 1882. Alipiga kwa mkono wa kushoto, alilinda eneo la katikati nyuma, na mipira yake haikupaa sana. Ilikwenda imenyooka, kwa kasi, ikipita katikati ya walinzi. Alicheza Philadelphia Giants, kisha Leland Giants, kisha American Giants, na kote huko alikuwa pamoja na Foster, mara nyingi akiwa nahodha wake. Walioziona enzi zile walisimulia kwamba mwaka 1911 alicheza mechi 116 na akapata angalau pigo moja safi, yaani lililomfikisha kituoni salama, katika mechi 115. Foster alimwamini kiasi kwamba mwaka 1919, Detroit ilipohitaji timu, Hill ndiye aliyepelekwa kuiongoza Detroit Stars. Aliijenga vizuri, na Stars wakawa moja ya nguzo za ligi. Kwa hiyo Foster alipomtuma Milwaukee alikuwa akirudia dawa iliyomponya mara ya kwanza. Tofauti ni kwamba sasa Hill alikuwa na umri wa miaka 40, na alichokabidhiwa kilikuwa mabaki: wachezaji walioachwa na timu zilizokufa, na vijana ambao hawakuwa wamewahi kucheza kiwango hicho.

Nimejaribu kumfikiria mtu huyo kwenye benchi mwezi Juni 1923. Anajua mchezo kuliko karibu kila aliyekuwepo uwanjani. Anaona kosa la kijana wake kabla halijatokea. Miguu yake mwenyewe haimfikishi tena kwenye mpira. Foster alikuwa amefanya kazi naye kwa miaka mingi na alijua anampa mzigo wa namna gani, na sidhani kama alimtendea haki.

Uwanja wenyewe uliitwa Athletic Park. Ulifunguliwa mwaka 1888, ukabanwa katikati ya nyumba za watu upande wa kaskazini wa mji, kati ya barabara ya 7 na ya 8, kuanzia Chambers hadi Burleigh. Kwa kuwa kiwanja kilikuwa cha mstatili, kimekatwa kulingana na mitaa, umbo lake lilikuwa la ajabu. Pembeni kulia na kushoto ukuta ulikuwa karibu sana, kama mita 81 tu kutoka kwa mpigaji, lakini katikati ulirudi nyuma hadi mita 120 hivi. Mpira ambao viwanja vingine ungedakwa kirahisi, hapo ungeweza kuvuka ukuta wa pembeni. Na kwa jinsi majukwaa yalivyokaa, kulikuwa na viti ambavyo kona za uwanja hazikuonekana, kwa hiyo mtazamaji alisubiri kelele za wenzake wa upande wa pili ndipo ajue kilichotokea. Mwenye uwanja na Brewers kwa pamoja alikuwa Otto Borchert, ambaye alifariki mwaka 1927, na baadaye uwanja ukaitwa kwa jina lake, Borchert Field.

Bears waliutumia kama wapangaji. Brewers wakiwa nyumbani, Bears hawakuwa na pa kucheza. Timu nyingi za ligi hiyo ziliishi hivyo: ratiba ya weusi ilishonwa kwenye nafasi zilizoachwa na ratiba ya wazungu. Jumapili ndiyo siku ya mapato kwa watu wanaofanya kazi viwandani Jumatatu hadi Jumamosi, na Jumapili ambayo Brewers wako nyumbani ilikuwa ni Jumapili ya Bears kutafuta mechi mahali pengine au kukaa.

Kuna jambo kuhusu uwanja huo ambalo nikilisimulia kwa Waswahili wenzangu wa hapa huwa wananitazama mara mbili. Msimu wa baridi uliotangulia, mwishoni mwa 1922, uwanja huohuo ulikuwa wa Milwaukee Badgers, timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kofia na kukumbatiana. Badgers walikuwa na wachezaji weusi na weupe katika kikosi kimoja, kwa sababu ligi ya mchezo ule ilikuwa bado haijafunga mlango wake. Miongoni mwa weusi hao walikuwa Fritz Pollard na kijana aliyekuwa akisomea sheria New York, jina lake Paul Robeson. Ndiyo, Robeson yuleyule, mwimbaji na mwigizaji, ambaye mwaka 1934 alijiandikisha chuoni London kusoma Kiswahili na fonetiki. Mwezi Novemba 1922 aliifungia Badgers mara mbili katika ushindi wa 13 kwa 0 dhidi ya timu ya Jim Thorpe. Miezi michache baadaye, kwenye nyasi zilezile, ilionekana kuwa haiwezekani kabisa mchezaji wa Bears na mchezaji wa Brewers kuvaa jezi moja. Mji ni uleule, watazamaji ni walewale. Anayesema kwamba wakati ule watu hawakuwa tayari namkumbusha Novemba 1922. Robeson mwenyewe hakuliacha suala hilo. Desemba 1943 alisimama mbele ya wenye timu za ligi kuu New York akawataka waondoe ubaguzi.

Lakini kilichowaua Bears ni idadi ya watu, na hapa naomba uvumilivu wa msomaji kwa sababu hesabu hizi ndizo zilizonifanya niandike. Sensa ya 1920 ilihesabu watu weusi 2,229 Milwaukee. Elfu mbili na mia mbili, pamoja na watoto wachanga na vikongwe. Chicago ilikuwa na 109,458. St. Louis ilikuwa na karibu 70,000, Detroit zaidi ya 40,000, Indianapolis karibu 35,000, Kansas City zaidi ya 30,000. Wimbi kubwa la watu weusi waliokimbia Kusini liliishia Chicago na Detroit. Milwaukee lilikuwa halijafika, kwa sababu viwanda vya hapa, vya mashine, vya ngozi na vya kuyeyusha chuma, vilikuwa na wahamiaji wa Kijerumani na Kipolandi wa kutosha, na mweusi aliajiriwa mwisho, tena kwa kazi ambayo wengine wameikataa.

Sasa linganisha. Nusu ya watu weusi wote wa Milwaukee wangeacha shughuli zao na kuja uwanjani kila mechi, mama amembeba mtoto na babu ameshika mkongojo, wangepatikana watu kama 1,100. Foster kule Chicago alihitaji mtu mmoja kati ya kila mia ili kupata idadi hiyohiyo. Nusu ya mji dhidi ya mmoja kati ya mia. Hakuna meneja duniani anayeweza kuziba pengo hilo kwa mazoezi. Wazungu wangeweza kujaza viti, na katika miji mingine walikuja kweli, lakini Milwaukee walikuwa na Brewers wao na timu nyingi za viwandani za kutazama, na timu ngeni inayofungwa kila wiki haikuwavuta.

Kiingilio kikiwa haba, kila kitu kinafuata. Mapato ya mlangoni yanagawanywa na wageni, ligi inachukua chake, mwenye uwanja anachukua chake, na kinachobaki ndicho cha kulipa mishahara, mipira, chakula na treni. Safari ya Kansas City ilikuwa kilomita 900 kwenda, na 900 kurudi. Mchezaji mweusi hakuwa na hoteli ya kufikia katika miji mingi, kwa hiyo alitafutiwa familia ya kumpokea au nyumba ya kulala wageni ya watu weusi, na hiyo nayo ilihitaji pesa. Mchezaji anayechelewa kulipwa huanza kusikiliza ofa za watu wengine. Akiondoka, timu inafungwa zaidi, na inapofungwa zaidi watazamaji wanapungua tena.

Yeyote aliyefuatilia ligi zetu za madaraja ya chini anaujua mwenendo huu: timu ya mkoani inaanza msimu kwa ngoma na jezi mpya, mzunguko wa pili haina nauli, haifiki kituoni, na mpinzani anapewa pointi za mezani. Bears walijikaza kuliko hivyo. Waliachana na mechi za nyumbani zisizolipa na kufikia mwisho wa msimu wakawa timu ya safarini tu, wakicheza kwenye viwanja vya wenzao ambako angalau mgao wa mgeni ungewapa chakula. Toledo Tigers, waliojiunga nao mwaka uleule, hawakufika hata huko. Walivunjika katikati ya msimu. Bears walimaliza wakiwa mkiani, ila walimaliza.

Baada ya hapo Foster aligeukia Kusini. Mwaka 1924 wakaingia Memphis Red Sox na Birmingham Black Barons. Birmingham ilikuwa na watu weusi 70,230 kwa sensa ileile ya 1920, wengi wao wakifanya kazi migodini na kwenye viwanda vya chuma, watu wenye mshahara mdogo lakini wa uhakika na Jumapili ya kupumzika. Black Barons waliishi miaka mingi, na mwaka 1948 walikuwa na kijana wa miaka 17 anayeitwa Willie Mays. Siamini kwamba Birmingham ilikuwa na akili ya uongozi ambayo Pete Hill hakuwa nayo. Ilikuwa na watu.

Foster mwenyewe aliugua akili mwaka 1926 na kupelekwa hospitali ya Kankakee, Illinois. Alifia huko Desemba 1930, na mwaka uliofuata ligi yake ikasimama. Wengine waliunda nyingine baadaye.

Tarehe 16 Desemba 2020 uongozi wa ligi kuu ya besiboli ulitangaza kwamba ligi saba za watu weusi za kati ya 1920 na 1948 zinahesabiwa kuwa ligi kuu, na wachezaji wake wapatao 3,400 ni wachezaji wa ligi kuu. Mwezi Mei 2024 takwimu zao zikaingizwa rasmi kwenye vitabu. Vyombo vya habari vikashika jambo moja: Josh Gibson sasa ndiye mwenye wastani bora wa kupiga katika historia yote, 0.372, yaani mapigo safi 372 kwa kila zamu 1,000 za kupiga, akimpita Ty Cobb, nyota wa zamani wa wazungu. Nilifurahi kama kila mtu. Lakini niliwaza pia kwamba uamuzi ule uliwagusa Bears. Kijana aliyerusha mpira Athletic Park mbele ya viti vitupu mwezi Julai 1923 sasa ni mchezaji wa ligi kuu, sawa na Babe Ruth, ambaye mwaka huohuo alikuwa akifungua Yankee Stadium kule New York.

Heshima hiyo imekuja na upande wake mchungu. Kipigo nacho kimekuwa rasmi. Oscar Johnson wa Monarchs, waliyemwita Heavy kwa unene wake, alimaliza 1923 akiwa na wastani wa zaidi ya 0.400, na leo namba hiyo inasomwa pamoja na za wakubwa wote. Turkey Stearnes alikuwa anaanza maisha yake ya ligi Detroit msimu uleule, na akapiga mipira ya kutoka nje ya uwanja kana kwamba amezaliwa kwa kazi hiyo. Sehemu ya mapigo yao waliyapata kwa warushaji wa Milwaukee. Ukiwasifu Johnson na Stearnes, umewataja Bears bila kujua. Kwa hiyo naona si haki kuiweka rekodi ya Bears mezani peke yake, namba ya kushinda na namba ya kushindwa, bila ile 2,229 kando yake. Namba za uwanjani zinasema kwamba timu ilikuwa mbovu. Namba ya sensa inasema ni kwa nini timu hiyo isingeweza kuwa nzuri hata ingefanya nini. Ubaguzi uliwafungia mlango wa ligi kuu, halafu ukawafuata mpaka kwenye ligi yao wenyewe kwa njia ya kazi wasizopewa na mitaa waliyozuiwa kuhamia.

Pale Athletic Park ilipokuwa, leo kuna barabara kuu ya I-43. Uwanja ulibomolewa mwanzoni mwa miaka ya 1950, na barabara ikaja miaka ya 1960. Barabara hiyohiyo, pamoja na mipango ya serikali ya kile walichokiita kuusafisha mji, iliikata Bronzeville, mtaa wa watu weusi uliokuwa umeota kuzunguka Walnut Street baada ya wimbi la kutoka Kusini hatimaye kufika. Kufikia 1960 watu weusi wa Milwaukee walikuwa zaidi ya 60,000. Hao wangeijaza Athletic Park mara nyingi, lakini kwa wakati ule haikuwapo tena, na Hank Aaron, aliyeanzia timu ya weusi ya Indianapolis Clowns mwaka 1952, alikuwa tayari ameshakuwa mfalme wa mji huu akiwa na Milwaukee Braves. Nikipita hapo naelekea kazini, magari yakiwa yamejipanga asubuhi, huwa najaribu kukisia eneo la mpigaji lilikuwa njia ya ngapi.

Brewers wa sasa, timu ya ligi kuu, wamekuwa wakiandaa mechi ya kuzienzi ligi za watu weusi, na katika mechi hizo wamevaa jezi za Bears. Napenda wanavyofanya hivyo. Watoto wanauliza hiyo Bears ni timu gani, na mzazi analazimika kutafuta jibu. Ningependa tangazo la uwanjani siku hiyo lisiishie kwenye majina ya nyota wa miji mingine. Wana orodha ya kikosi cha 1923. Waisome jina kwa jina, haitachukua dakika mbili.

Waanze na Hill. Baada ya Milwaukee alikwenda kuiongoza Baltimore Black Sox, na alifariki Buffalo mwaka 1951, miaka minne tu baada ya Robinson kuingia ligi kuu. Mwaka 2006 aliingizwa kwenye Jumba la Heshima la besiboli kule Cooperstown, na hata hapo bamba la shaba likaandikwa jina lisilo lake, Joseph badala ya John. Ilibidi watafiti na watu wa ukoo wake wapekue nyaraka za sensa na vyeti, na mwaka 2010 bamba likabadilishwa. Leo linasema John Preston Hill.

Na wamsome Sandy Thompson, mlinzi wa nyuma aliyeanzia ligi hiyo akiwa na Bears. Timu ilipokufa alikwenda Birmingham, kisha Chicago, kwa American Giants. Oktoba 1926 walikuwa kwenye fainali na Bacharach Giants wa Atlantic City, mfululizo uliorefuka mpaka mechi ya 11. Rube Foster alikuwa hospitalini, na aliyekuwa akirusha kwa Chicago ni mdogo wake, Willie Foster. Hakuna timu iliyopata pointi hadi awamu ya tisa, ambayo kwa kawaida ndiyo ya mwisho. Jelly Gardner akafika kituo cha kwanza, Dave Malarcher akapiga mpira wa kujitoa mhanga, yaani akakubali yeye atolewe ili kumsogeza Gardner cha pili, na Thompson akaingia kupiga. Aliupiga mpira ukatua salama, Gardner akakimbia mpaka nyumbani, na ikawa moja bila. Chicago wakawa mabingwa wa dunia wa watu weusi kwa pigo la mtu wa Milwaukee Bears.